Mdomo Ulimponza, Wenzake Hawakumkimbia

Mwezi huu naomba tuvuke bahari, twende Texas, Marekani, tukamtazame mwanamke anayeitwa Natalie Maines. Ni mwimbaji kiongozi wa bendi ya kantri ya The Chicks, ile ambayo hadi mwaka 2020 dunia iliijua kwa jina la Dixie Chicks.

Najua utaniuliza, sisi na kantri wapi na wapi? Usiniangushe bwana. Kama umekulia kwenye nyumba yenye redio, basi Jim Reeves unamjua, Kenny Rogers unamjua na Dolly Parton unamjua, hata kama hukuwahi kuelewa wanaimba nini. Halafu leo siongelei gitaa. Naongelea mikataba mitatu ambayo kila mmoja wetu ama ameshaisaini au yuko njiani kuisaini: mkataba na mwajiri, mkataba na wenzako wa kazi, na mkataba na mwenza wa maisha. Huyu dada amepitia yote mitatu, na yote ilimtikisa.

Kiti kilikuwa na mwenyewe

Natalie alizaliwa Oktoba 14, 1974 katika mji wa Lubbock, Texas. Baba yake, Lloyd Maines, ni mpiga gitaa la kulaza, lile linaloburuza sauti kama mtu anayeomboleza, na pia ni mtayarishaji wa muziki anayeheshimika sana huko kwao. Kwa hiyo muziki ameukuta nyumbani.

Bendi yenyewe hakuianzisha yeye. Ilianza mwaka 1989 mjini Dallas ikiwa na wanawake wanne: ndugu wawili wa tumbo moja, Martie mpiga fidla na Emily mpiga banjo, pamoja na Robin Lynn Macy na Laura Lynch. Walikuwa wanapiga muziki wa kizamani wa ng'ombe na farasi, wamevaa nguo za kufanana na mandhari hayo. Robin aliondoka mwaka 1992. Mwaka 1995 ikaja zamu ya Laura, ambaye ndiye aliyekuwa akiongoza kwa sauti. Bendi ilitaka sauti mpya, na mtoto wa mzee Lloyd alikuwa nayo. Laura akatoka, Natalie akaingia, umri wake ukiwa ndio kwanza umegusa miaka 21.

Nalitaja hili mapema makusudi. Ukipandishwa cheo ofisini, mara nyingi kiti unachokalia bado kina joto la mtu mwingine. Natalie aliingia kwa mlango ambao mwenzake alitokea, na miaka michache baadaye yeye mwenyewe angejua inakuwaje watu wanapotaka utoke. Laura alifariki kwa ajali ya gari Desemba 2023, na wenzake wa zamani walimwaga salamu za heshima kwa ajili yake. Hata kama mliachana kikazi, ubinadamu hauna mkataba.

Mkataba wa kwanza: bosi

Albamu ya kwanza ya Natalie na kina dada hao, Wide Open Spaces, ilitoka mwaka 1998. Iliyofuata, Fly, ilitoka mwaka 1999. Kila moja iliuza zaidi ya nakala milioni 10 kwa Marekani peke yake. Sio mchezo! Ndani ya Fly kuna wimbo unaoitwa Goodbye Earl, unaohusu mke anayepigwa na mumewe na shoga yake wa tangu utotoni, ambao wanaamua kummaliza mwanaume huyo. Vituo vingine vya redio vilikataa kuupiga. Lakini wimbo ulifungua mazungumzo mazito kuhusu vipigo vya ndani ya ndoa, na ukabaki kuwa moja ya nyimbo zao zinazopendwa zaidi.

Ukisikia nakala milioni 20 na zaidi, unadhani wenye bendi wanalala juu ya noti. Kumbe la! Mwaka 2001 mambo yaliharibika kati yao na kampuni ya Sony iliyokuwa inawatolea kazi zao. Kina dada walidai mahesabu hayakuwa sawa na kwamba mirahaba yao ya dola milioni 4.1 haikulipwa. Wakatangaza kwamba wamejitoa. Kampuni ikawashitaki, nao wakashitaki. Vuta nikuvute ikaenda hadi mwaka 2002, wakamalizana nje ya mahakama. Wakarudi kwa kampuni ile ile, safari hii wakiwa na lebo yao wenyewe chini yake, Open Wide, na masharti yenye unafuu.

Wewe kijana uliyeajiriwa juzi, nataka uone kitu hapa. Hawakukaa kwenye kantini kumsema bosi. Walikaa na vitabu vya mahesabu na wanasheria, wakajua wanadai nini na kwa nini. Na walipokubaliana, walirudi kazini. Ugomvi wa kikazi si lazima uishe kwa kususa. Wakati mgogoro unaendelea walirekodi albamu ya Home, yenye vyombo vya kamba na hewa ya barazani, ikitayarishwa pamoja na mzee Lloyd mwenyewe. Ilitoka mwaka 2002, na mwaka uliofuata ikatwaa Grammy ya albamu bora ya kantri.

Sentensi moja ya London

Januari 2003 walisimama kwenye fainali ya Super Bowl, mbele ya mamilioni ya watazamaji, wakaimba wimbo wa taifa la Marekani. Nani angesema hao ndio wangeitwa wasaliti wiki 6 baadaye?

Machi 10, 2003 walikuwa jukwaani London, kwenye ukumbi wa Shepherd's Bush Empire. Dunia ilikuwa inasubiri vita vya Iraq, ambavyo vilianza siku chache tu baadaye. Katikati ya shoo, Natalie akawaambia mashabiki kwamba wao hawaitaki vita hiyo, na kwamba wanaona aibu kuwa Rais wa Marekani anatokea Texas. Ukumbi ukashangilia. Aliongea kwa sekunde chache, pengine muda mfupi kuliko unaotumia kufunga kamba za kiatu.

Habari ikatoka kwenye gazeti la Uingereza, ikavuka bahari, na moto ukawaka. Wakati huo wimbo wao Travelin' Soldier ulikuwa namba moja kwenye chati ya kantri. Ukaporomoka. Kampuni kubwa za redio ziliamuru vituo vyao vya kantri visipige nyimbo zao. Huko Louisiana watu walileta CD zao zikasagwa na trekta hadharani. Colorado kuna watangazaji wawili waliosimamishwa kazi kwa kosa la kuwapiga hewani. Na kabla ya shoo ya Dallas, Julai 6, 2003, kukaja tishio la kumuua Natalie, likitaja siku na mahali. Dallas, mji ilikozaliwa bendi! Alipanda jukwaani akaimba, polisi wakiwa wamejaa kila kona.

Waswahili tuna msemo kwamba mdomo huponza kichwa. Lakini hapa kuna jambo ambalo msemo huo haulisemi: mdomo ulikuwa mmoja, vichwa vilikuwa vitatu.

Mkataba wa pili: wenzako

Hebu jiweke kwenye nafasi ya Martie na Emily. Bendi ni yenu, mmeianzisha mkiwa wasichana. Mnakuja kumchukua mwimbaji, kazi inapaa, halafu usiku mmoja anasema sentensi ambayo hakuwauliza, na kesho yake kibarua chenu wote kimeota nyasi. Mngefanya nini? Kuwa mkweli, usijibu haraka haraka.

Njia rahisi ilikuwepo na kila mtu aliiona. Wangeweza kutoa tamko kwamba hayo ni maneno yake binafsi, wakamtafuta mwimbaji mwingine kama walivyofanya mwaka 1995. Redio zingewasamehe ndani ya wiki. Hawakufanya hivyo. Walikaa naye kwenye mahojiano makubwa ya televisheni Aprili mwaka ule, wote watatu kwenye viti vilivyokaribiana. Hakuna aliyesema "yeye". Walisema "sisi".

Kuna filamu ya kweli kuhusu kipindi hicho, Shut Up and Sing ya mwaka 2006. Itafute uitazame na mwenzako. Kuna mahali Martie anaongea huku machozi yanamtoka. Anaamini kwamba Natalie bado anajilaumu kwa yaliyowapata, na anasema kama kuacha muziki ndiko kutakakompa mwenzake amani, yuko tayari kuacha. Nimeona wanandoa ambao hawajawahi kuambiana neno zito kama hilo.

Sasa nisieleweke vibaya. Sisemi kila mwenzako akibwatuka mbele ya mteja basi wewe ubebe. Kuna watu wanasema hovyo kwa kuwa wanajua wengine watafagia. Tofauti iko wapi? Kwa Natalie, wenzake walikuwa na msimamo ule ule kuhusu vita, alichotangulia ni kuusema tu. Na yeye hakujificha nyuma yao. Risasi za maneno alizipokea yeye mbele, nao wakasimama pembeni yake. Ukitaka watu wasimame na wewe siku ya dhiki, angalia kama unachokisema ni imani yenu au ni hasira zako.

Radhi isiyotoka moyoni

Siku chache baada ya London, Natalie alitoa tamko la kuomba radhi. Alisema alikosea kuivunjia heshima ofisi ya Rais. Kuhusu vita, hakubadili msimamo. Je, tamko lilisaidia? Wapi! Waliokasirika waliona halitoshi, na waliomuunga mkono waliona ameyumba. Mwaka 2006 akasema waziwazi kwamba ile radhi anaiondoa, maana hakuona kwamba aliyekuwa akiikalia ofisi hiyo anastahili heshima yoyote.

Hapa ndipo nataka tuongee sisi wenye wapenzi. Ni mara ngapi umesema "basi yaishe, nisamehe" ili tu mtu anyamaze ulale? Na ni mara ngapi jambo lile lile limerudi baada ya miezi 3, likiwa limenenepa? Radhi ya kuzima kelele ni mkopo wenye riba. Ni afadhali kumwambia mwenzako: kwa namna nilivyoongea nisamehe, lakini jambo lenyewe bado hatujakubaliana, tulizungumze Jumamosi tukiwa tumetulia. Hiyo inauma leo, lakini haitakudai kesho.

Mwaka huo huo wa 2006 walitoa albamu ya Taking the Long Way. Ndani yake kuna Not Ready to Make Nice, wimbo wa mtu anayekataa kuambiwa asahau yaliyompata. Kuna pia So Hard, unaohusu uchungu wa kutafuta mtoto bila kupata, jambo ambalo Martie na Emily wote walilipitia na kulizungumza bila aibu. Wasomaji wangu mnaopitia hilo kimya kimya, huku mashangazi wanauliza "vipi, bado?", mnajua kwa nini wimbo wa namna hiyo una thamani.

Redio za kantri nyingi ziliendelea kuwafungia mlango. Kwenye ziara ya mwaka ule, tiketi zilidoda katika baadhi ya miji ya Marekani, shoo zikafutwa na nyingine zikahamishiwa Kanada. Lakini albamu iliingia sokoni ikiwa namba moja Marekani nzima, na Februari 2007 wakatwaa Grammy 5 usiku mmoja, zikiwemo za albamu ya mwaka, rekodi ya mwaka na wimbo wa mwaka.

Hadithi nyingine ingeishia hapo, makofi pwaa, wakaishi raha mustarehe. Ukweli ni kwamba baada ya ushindi huo Natalie alichoka. Hakutaka kurekodi. Martie na Emily wakaunda kundi lao la pembeni, Court Yard Hounds, wakatoa albamu mwaka 2010, bila kuvunja bendi mama wala kumtangaza mwenzao kuwa mzigo. Yeye akalea watoto wake wawili wa kiume, na akaendelea kuwapigania vijana watatu wa Arkansas waliofungwa kwa mauaji ambayo wengi waliamini hawakuyafanya. Waliachiwa Agosti 2011 baada ya miaka 18 gerezani. Mwaka 2013 akatoa albamu yake mwenyewe, Mother, ambayo ni ya roki zaidi kuliko kantri. Kumpa mshirika nafasi ya kupumua bila kumfutia jina mlangoni, hilo nalo ni pendo.

Mwaka 2016 walirudi kwenye ziara wakiwa watatu, na Novemba mwaka huo wakapanda jukwaa la tuzo za kantri za CMA mjini Nashville pamoja na Beyoncé. Baadhi ya mashabiki walinuna. Walishazoea.

Mkataba wa tatu: mwenza

Natalie alikutana na mwigizaji Adrian Pasdar kwenye harusi ya Emily mwaka 1999. Yeye alikuwa msimamizi upande wa bibi harusi, Adrian alikuwa upande wa bwana harusi. Mnaowapeleka mashosti zenu harusini mkitumaini watapata, basi huo ndio ushahidi wenu! Ndoa ya kwanza ya Natalie ilikuwa imekwisha. Juni 2000 wakafunga ndoa ya haraka Las Vegas, na watoto wao walizaliwa mwaka 2001 na 2004. Adrian ndiye aliyekuwa mumewe katika miaka yote ile ya vitisho.

Mwaka 2017 Natalie aliomba talaka. Haikuisha hadi Desemba 2019. Vyombo vya habari vya kwao viliripoti mvutano kuhusu mkataba walioutia saini kuhusu mali na siri zao, na kama nyimbo mpya za Natalie zinaukiuka. Ebu fikiri: mwanamke ambaye taifa zima lilimwambia funga mdomo, sasa swali linaulizwa tena, safari hii ndani ya ndoa.

Jibu lilikuja Julai 2020, albamu yenye jina Gaslighter. Neno hilo ni la Kiingereza, linamaanisha mtu anayekupindishia ukweli hadi uanze kutilia shaka akili zako. Umeona meseji kwa macho yako, anakwambia hukuona. Umesikia kwa masikio yako, anakwambia una wivu, unahitaji kupumzika. Mwisho unamuomba yeye msamaha. Nyimbo nyingi za humo ni za ndoa inayovunjika. Na wakati inatoka, wote watatu, Natalie, Martie na Emily, walikuwa wameshaonja talaka.

Mimi si hakimu wa ndoa ya mtu, na upande wa pili haukuimba. Ila nasema hivi kwa wachumba mnaopanga harusi: mnakaa vikao 20 kujadili ukumbi, keki na rangi za sare. Kaeni kikao kimoja mjadili ni nini katika maisha yenu ni chenu wawili, na ni nini kila mmoja ana haki ya kukisimulia. Kwa mwandishi, mwimbaji, mchungaji, hata mtu anayeweka picha mtandaoni kila siku, hilo ni swali la kweli. Liulizeni mkiwa bado mnacheka.

Jina nalo lina uzito

Juni 2020, kabla ya albamu hiyo, bendi iliondoa neno Dixie. Ni jina la zamani la majimbo ya kusini ya Marekani, lenye harufu ya enzi za utumwa, na nchi yao ilikuwa mitaani ikilia baada ya George Floyd kuuawa na polisi. Walikuwa wamelibeba miaka 31. New Zealand kulikuwa na kundi la zamani lililowahi kutumia jina la The Chicks. Kina dada walizungumza nalo kwanza, na wakalishukuru hadharani.

Linganisha na London. Mwaka 2003 mmoja alisema, wengine wakagundua wamesema. Mwaka 2020 walizungumza watatu, wakamuuliza na mwenye jina, ndipo wakatangaza. Msimamo haukulegea hata kidogo. Kilichokua ni utaratibu.

Basi kazi ya mwezi huu ni hii, shosti na mshikaji. Chukua karatasi, andika majina ya watu ambao kazi yao au amani yao ingeguswa kama ungesema kesho lile jambo unalolifikiria. Mwenza wako, mshirika wako wa biashara, yule binti mnayeshirikiana naye meza. Usiandike ili upate sababu ya kunyamaza. Andika ili uwafuate mmoja mmoja uwaambie: mimi nitalisema hili, wewe uko wapi? Wapo watakaokukimbia, na ni vizuri ukiwajua mapema. Wapo watakaovuta kiti wakae karibu yako.

Tukijaaliwa, tukutane mwezi ujao.